Yoga nyumbani kwa aliyeumia mbioni: namna ya kuanza na wakati wa kwenda zahanati

Mwishoni mwa mwaka 2016 ilizinduliwa kampeni ya kitaifa ya kuhamasisha mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo, ili kupunguza magonjwa yasiyoambukiza kama shinikizo la damu na kisukari. Shirika la Afya Duniani nalo linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Kukimbia ni mojawapo ya njia rahisi za kufanya mazoezi, kwa kuwa hakuhitaji ada wala vifaa vingi. Wanafunzi hukimbia wakijiandaa kwa UMITASHUMTA na UMISSETA, vijana hukimbia viwanjani, na watu wazima huamka alfajiri kabla jua la ziwani halijawa kali.

Hata hivyo, kukimbia huleta pia majeraha: kifundo cha mguu kuteguka, misuli ya nyuma ya paja kuchanika, maumivu ya muundi, ya goti au ya kano ya kisigino. Katika kata ya wavuvi, wakulima na wafanyabiashara, mguu ulioumia si hasara ya michezo pekee. Mwenye mguu huo hushindwa kusukuma mtumbwi, kulima na kubeba mzigo, na kaya nzima hupungukiwa. Makala haya yanaeleza jinsi mkazi anavyoweza kutumia mazoezi mepesi ya yoga nyumbani ili apone vizuri, na ni wakati gani asijaribu kufanya hivyo bila kumwona mtaalamu.

Yoga ni nini, na inasaidiaje?

Yoga ni utaratibu wa kale kutoka India unaounganisha mikao ya mwili, pumzi na utulivu wa akili. Mwezi Desemba 2014 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitangaza tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga. Afrika Mashariki si ngeni kwa mazoezi haya. Jijini Nairobi, mradi wa Africa Yoga Project ulioanza mwaka 2007 umewafundisha vijana wa mitaa ya kipato cha chini wakawa walimu wa yoga.

Baadhi ya wananchi huuliza kama yoga ni ibada. Ni kweli kwamba mizizi yake imo katika mapokeo ya kiroho ya India. Mikao inayoelezwa hapa, hata hivyo, ni mazoezi ya viungo tu. Haina sala wala masharti ya imani, na mtu wa dini yoyote anaweza kuifanya.

Faida yake kwa majeruhi inatokana na jambo moja la msingi. Misuli, kano na mifupa huimarika kwa kupewa kazi kidogo kidogo, na hudhoofika vikikaa bila kazi. Anayelala wiki nyingi bila kuutumia mguu huamka na mguu dhaifu, na anayerudi mbioni kwa pupa huuchana upya. Mazoezi ya polepole, yanayofuata pumzi, humpa mgonjwa njia ya kati. Lakini yoga haiungi mfupa uliovunjika wala kano iliyokatika. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kujua umeumia nini.

Siku tatu za mwanzo

Jeraha likiwa bichi, mguu upumzishwe na kuinuliwa juu ya mto unapolala, ufungwe bandeji isiyobana sana, na kuwekewa kitambaa cha maji baridi au barafu iliyofungwa kwenye nguo kwa dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku. Barafu isigusane moja kwa moja na ngozi.

Desturi ya kukanda kwa maji ya moto na kuchua kwa nguvu imezoeleka sana. Katika siku hizi za mwanzo iepukwe, kwa sababu joto na msuguano huongeza uvimbe na kuvuja kwa damu ndani ya misuli. Vilevile, usinunue dawa ya maumivu katika duka la dawa kwa nia ya kuendelea kukimbia. Dawa hunyamazisha onyo la mwili huku jeraha likizidi.

Usianze mazoezi, nenda kituo cha kutolea huduma za afya ikiwa:

- huwezi kukanyaga na kutembea hatua nne;
- mguu umepinda, au kuna mahali pamoja kwenye mfupa panapouma sana ukipabonyeza;
- ulisikia mlio kama wa kitu kukatika nyuma ya kisigino, na sasa huwezi kusimama kwa ncha za vidole;
- mguu una ganzi, au maumivu ya mfupa hukuamsha usiku;
- kigimbi kimevimba, kina joto na kinauma bila sababu ya wazi. Ukipata pia shida ya kupumua au maumivu ya kifua, hiyo ni dharura;
- mtoto anachechemea na ana homa.

Mikao saba ya kuanzia

Maumivu makali yakishatulia na ukiweza kutembea ndani ya nyumba, unaweza kuanza. Unahitaji mkeka, kanga au kitenge, ukuta imara na kiti. Fanya mazoezi asubuhi au jioni kukiwa na ubaridi, saa mbili au zaidi baada ya mlo mzito. Kaa katika kila mkao kwa pumzi tano za polepole, na anza na mguu mzima ili ujue hali ya kawaida ilivyo.

1. *Pumzi.* Lala chali, magoti yakiwa yamekunjwa na mkono juu ya tumbo. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita. Rudia mara kumi.

2. *Daraja.* Ukiwa umelala hivyo hivyo, kanyaga sakafu na uinue kiuno polepole, kisha ukishushe. Rudia mara nane. Mkao huu huimarisha makalio na nyuma ya paja, sehemu zinazobeba kazi kubwa mtu anapokimbia.

3. *Mguu kwenye kanga.* Pitisha kanga chini ya wayo, inua mguu kuelekea juu huku goti likiwa limelegea kidogo. Simama pale unapohisi mvuto mwepesi. Aliyechanika misuli ya nyuma ya paja asiuvute mguu huo katika wiki za mwanzo. Aanze na daraja.

4. *Paka na ng'ombe.* Piga magoti na uweke viganja chini. Ukitoa pumzi, pinda mgongo juu kama paka anayejinyoosha; ukivuta pumzi, ushushe. Mwenye maumivu ya goti aweke kitenge kilichokunjwa chini ya magoti, au afanye akiwa amekaa kitini.

5. *Kusukuma ukuta.* Simama ukiutazama ukuta, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, kisigino cha nyuma kikikanyaga chini. Egemea mbele hadi kigimbi kivutike kidogo.

6. *Kuinua visigino na mkao wa mti.* Shika kiti, inua visigino polepole na uvishushe polepole zaidi, mara nane. Kisha simama kwa mguu mmoja, wayo wa mguu mwingine ukiwa umeegeshwa kwenye kifundo cha mguu uliosimamia. Aliyeteguka kifundo hunufaika sana na zoezi hili, kwa kuwa kifundo kilichoteguka hupoteza uwezo wa kujisawazisha, na hapo ndipo kinapoteguka tena.

7. *Utulivu.* Lala chali kwa dakika tatu bila kufanya lolote.

Mzunguko mzima huchukua dakika 20 hivi. Mara tatu kwa wiki zinatosha kwa mwezi wa kwanza. Kazi za kila siku nazo zihesabiwe: aliyevuta nyavu usiku kucha au aliyelima kutwa ameshautumia mguu wake, hivyo siku hiyo afanye pumzi na utulivu tu.

Kipimo cha maumivu

Jipimie maumivu kwa namba, sifuri ikiwa hakuna maumivu na kumi ikiwa hayavumiliki. Katika mazoezi yasizidi tatu, na kesho yake asubuhi yawe yamerudi yalivyokuwa awali. Yakizidi, punguza idadi ya marudio. Yakiendelea kwa wiki mbili, nenda ukapimwe. Mvuto mwepesi wa misuli hauna tatizo. Maumivu ya kuchoma, au yaliyo ndani ya kiungo, ni amri ya kuacha.

Watanzania tunamheshimu John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akafungwa bandeji na kumaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Ushujaa ule ulikuwa wa siku moja, chini ya bendera ya taifa. Mazoezi ya nyumbani hayana bendera wala mashindano. Anayeyavumilia maumivu hapa hazidishi chochote ila muda wa kuugua.

Kurudi mbioni

Usikimbie kabla hujaweza kutembea dakika 30 kwa mwendo wa haraka, na kuruka mara kumi kwa mguu ulioumia, bila maumivu. Anza kwa kukimbia dakika moja na kutembea mbili, mara sita, na upumzike siku moja katikati. Ongeza taratibu wiki hadi wiki. Chagua njia ya udongo iliyo tambarare. Mchanga laini wa ufukweni hupendeza, lakini hulemea kano ya kisigino, na mteremko wake hukanyagisha mguu mmoja chini kuliko mwingine.

Huduma

Anza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Atakayehitaji picha ya eksirei au huduma za utengamao ataandikiwa rufaa kwenda ngazi ya juu, ikiwemo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi iliyopo Mpanda. Beba kadi ya bima ya afya kama unayo, na umweleze mtoa huduma siku uliyoumia, namna ulivyoumia na dawa ulizokwisha kutumia. Kwa kuwa safari ya kwenda Mpanda ni ndefu na ina gharama, ni vyema jeraha lionwe mapema hapa hapa kabla halijawa kubwa. Walimu wa michezo na viongozi wa timu wanaombwa kumpumzisha mchezaji aliyeumia na kumpeleka kupimwa, hata kama mashindano ni kesho.