Kwa Nini Besi Hupotea Uwanjani

Nyimbo za Tabora Jazz, bendi ya mtindo wa Segere Matata, ziliwafikia watu wengi kupitia redio ndogo ya betri. Spika ya redio ya aina hiyo ni pana kama kiganja cha mkono, na chini ya hezi 150 haitoi kitu cha maana. Gitaa la besi linaanzia hezi 41 kwenye uzi wake mnene, na sehemu kubwa ya kazi yake kwenye muziki wa dansi iko chini ya hizo 150. Kwa hesabu kavu, msikilizaji wa Urambo au Sikonge alipaswa kusikia magitaa ya juu, saksafoni na waimbaji tu. Lakini besi aliisikia, akaijua, na akaweza kuiiga kwa mdomo huku akilima.

Maelezo yake ni haya. Uzi ukidonolewa hautoi mtetemo mmoja. Uzi wa E ukiwa wazi hutoa hezi 41, na papo hapo hutoa 82, 123, 165, 206 na kuendelea, kila hatua ikiongezeka kwa 41. Ile ya kwanza huitwa sauti ya msingi. Zinazofuata tuziite sauti za juu. Redio ilipoteza ile ya msingi na moja mbili zilizofuata, ikabakiza nyingine. Ubongo ukikutana na 165, 206 na 247 zilizopishana kwa hezi 41, unaijaza ile ya chini wenyewe na mtu anaamini ameisikia. Kwa hiyo besi inayosikika ni ile yenye sauti za juu za kutosha kumwambia msikilizaji noti gani inapigwa. Hili ndilo ninalotaka wapiga besi walizingatie kabla ya kudai amplifaya kubwa zaidi.

Mji wa Tabora una sababu ya kulijali jambo hili. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapo, reli ikaifuata: ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Rumba ya Kongo ilivuka ziwa na kuingia nchini kwa upande huo huo. Mji ukawa na Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, na wenyeji wa magharibi walipohamia Dar es Salaam wakaunda Western Jazz mwaka 1959. Katika bendi nyingi za namna hiyo vyombo vilikuwa mali ya klabu, chama au tajiri mmoja, si vya mpigaji. Besi unaikuta ilivyo, na nyuzi zake zilivyo. Mazoea hayo yamezaa imani kwamba sauti mbaya ni shauri la chombo na dawa yake ni pesa.

Sikio lenyewe halitendi haki. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara ya Bell, Marekani, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sauti nzito zinahitaji nguvu nyingi zaidi ili zisikike sawa na za kati. Vipimo vya leo vinasema sauti ya hezi 40 lazima ifikie desibeli zipatazo 50 ndipo ianze kusikika kabisa, wakati ile ya hezi 1,000 inasikika karibu na sifuri. Ndiyo maana mwenye baa akiomba muziki upunguzwe kidogo, besi inaondoka kwanza. Mpigaji ataona kama fundi mitambo amemchezea, kumbe ni maumbile ya binadamu.

Sasa wati. Kuongeza wati mara mbili, kutoka 100 hadi 200, huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo mcheza dansi hataiona. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa maradufu unahitaji kiasi cha desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Spika ina neno kubwa zaidi. Spika inayotoa desibeli 99 kwa wati moja inaishinda ya desibeli 90 kwa kiasi ambacho ungelazimika kuzidisha wati mara nane ili kuifidia. Namba hiyo huandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya spika, na sijaona wanunuzi wengi wakiisoma. Wanasoma wati zilizochorwa kwa maandishi makubwa mgongoni.

Halafu kuna karatasi ya spika yenyewe, ile inayocheza mbele na nyuma. Ukishuka oktavu moja na kutaka ukubwa ule ule wa sauti, lazima icheze mara nne zaidi. Spika ya gitaa la solo ikichomekewa besi itanguruma usiku wa kwanza, wa pili utasikia inakwaruza. Ndiyo maana besi inataka spika pana ya inchi 15, au kadhaa za inchi 10 pamoja, ndani ya kabati kubwa na zito. Kabati la zamani la spika moja ya inchi 15 lilikaribia kilo 32, yaani frasila mbili, mzigo wa mpagazi wa Kinyamwezi wakati wa misafara. Bendi zinazosafiri zinaujua uzito huo mgongoni.

Kwenye uwanja wa wazi tatizo linakuwa kubwa. Wimbi la hezi 41 lina urefu wa zaidi ya mita 8. Ndani ya ukumbi wimbi hilo hugonga ukuta na kurudi, na kuta zinakusaidia. Nje linakwenda zake kuelekea miembe na halirudi. Bendi iliyofanya mazoezi chumbani ikitoka kupiga kwenye baa ya wazi hujikuta na besi nyembamba, ingawa hakuna aliyegusa kitufe. Weka kabati chini kabisa, si juu ya meza au kreti, na ulisogeze mpaka ukuta wa nyuma ikiwa ukuta upo. Uso mmoja imara ulio karibu unaweza kuongeza hadi desibeli 6 kwenye sauti nzito. Kwenye pembe ya kuta mbili zinazidi tena, lakini hapo sauti huanza kuvimba na noti kushikana.

Ndani ya ukumbi kuna balaa lake. Mawimbi yanayokwenda na kurudi hukutana. Pengine yanajumlishana, pengine yanafutana. Mtu aliyesimama ukutani anapigwa na besi kifuani, aliye katikati anauliza mpiga besi yuko wapi. Fundi mitambo anayerekebisha besi akiwa amesimama mahali pamoja anarekebisha mahali hapo tu. Atembee.

Turudi kwenye gitaa lenyewe, maana hapa ndipo toni inazaliwa, na ndipo palipo na mambo ya bure. Chini ya nyuzi kuna pikapu: sumaku zilizozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku unatikisa uga wake, na waya unazalisha umeme mdogo, kwa kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831. Pikapu haisikii hewa, inasikia chuma. Ukiipandisha karibu na nyuzi sauti inakua. Ukizidisha, sumaku zinavuta uzi, noti inayumba na kufa mapema. Mara nyingi uzi wa E unanguruma huku wa G ukinong'ona kwa sababu pikapu imelala upande. Bisibisi inamaliza kesi hiyo kwa dakika tano, lakini nimeona watu wakitafuta dawa yake kwenye amplifaya kwa miaka.

Mahali pa kudonoa pana nguvu kuliko kitufe chochote cha toni. Karibu na daraja, pale nyuzi zinapoishia, uzi ni mgumu na sauti za juu zinatawala. Besi inakuwa kavu, inasemeka vizuri. Karibu na shingo sauti ya msingi inatawala, nzito na ya mviringo. Ukidonoa katikati kabisa ya uzi, zile sauti za juu za namba shufwa zinanyamaza, ndiyo maana pale panatoka mlio wa uwazi kama wa chupa. Wimbo ukiingia kwenye chemko na magitaa yote kuchangamka, sogeza mkono kuelekea daraja sentimita chache. Utaonekana umeongeza sauti ilhali hujaongeza chochote.

Nyuzi nazo. Zilizoviringishiwa waya wa duara hung'aa zikiwa mpya. Zilizoviringishiwa utepe bapa huwa tulivu tangu mwanzo. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za Motown kule Detroit, alitumia zile za bapa na alijulikana kwa kutozibadilisha. Toni yake inaigwa mpaka leo. Kwa hiyo nyuzi kuukuu si ugonjwa, ikiwa ndiyo sauti unayoitaka. Lakini jasho na vumbi vikijaa kwenye mizunguko ya uzi, sauti za juu hufa, na tumeshaona kwamba bila hizo msikilizaji wa mbali hajui unapiga noti gani. Wapiga besi wa nchi nyingi huzichemsha kwenye maji ili kutoa uchafu, kisha huzikausha vizuri. Inasaidia kwa siku chache tu. Angalizo moja: pikapu ya sumaku inataka chuma au nikeli. Uzi wa shaba mtupu hautaiamsha.

Kuhusu mbao nitasema kwa ufupi, ingawa najua nitaudhi mafundi. Misitu ya miombo ya Tabora ina mninga, na mtu anaweza kutengeneza bodi nzuri ya besi kwa mti huo. Itakuwa ya kupendeza. Mchango wa mbao za bodi kwenye sauti ya besi ya umeme ni mdogo mno ukilinganisha na nyuzi, pikapu na vidole. Shingo ina neno zaidi, kwani ikitetemeka pamoja na uzi huinyonya noti. Ndiyo sababu besi nyingi zina mahali pafu kwenye uzi wa G, kati ya chuma cha tano na cha saba vya shingoni, na hakuna kitufe kinachopaponya.

Waya mrefu kati ya gitaa na amplifaya hula sauti za juu. Ukiwa na besi isiyotumia betri, mita 10 zinasikika tofauti na mita 3, na kuchagua waya mfupi hakuna gharama. Umeme wa ukutani pia huingia kwenye muziki. Mkondo wetu ni wa hezi 50, na waya mbovu ukivumisha amplifaya, mvumo huo unakaa jirani na G ya uzi wa E, chuma cha tatu, yenye hezi 49. Piga G hiyo na utasikia sauti ikipanda na kushuka kila sekunde moja. Mpigaji anadhani gitaa limelegea, anakaza, anaharibu kilichokuwa sawa. Umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 185, amplifaya ya kizamani inapoteza kama theluthi moja ya nguvu zake. Kwa sikio ni karibu desibeli 2 tu, ila itaanza kukwaruza mapema zaidi ya ulivyozoea.

Na kabla ya kumlaumu yeyote, fungua makabati mawili ya besi yaliyowekwa bega kwa bega uangalie nyaya nyuma ya spika. Nyekundu na nyeusi zikipishana kwenye kabati moja, spika moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na sauti nzito zinafutana hewani hapo hapo mbele ya jukwaa. Sauti za juu zinabaki, kwa hiyo hakuna anayeshuku kitu. Zima kabati moja: besi ikiongezeka badala ya kupungua, umeipata kasoro.