Kahawa Kabla ya Kufika Mizanini: Siku Moja Katika Kihamba cha Mwanachama

Katibu wa chama cha msingi huanza kuijua kahawa pale inapofikishwa ghalani. Huipima, huitazama rangi, huinusa, huandika stakabadhi, kisha humwita anayefuata. Yaliyoipata kahawa hiyo kabla ya hapo hayamo katika daftari lolote la chama. Makala haya yanaeleza habari hizo kwa kufuata siku moja ambayo katibu mmoja wa mtelemko wa kusini wa Kilimanjaro aliitumia katika kihamba cha mwanachama wake.

Jambo lilianza kwa malalamiko. Mama mmoja mjane, mwanachama wa miaka mingi, alileta kahawa ambayo ilionekana kuwa na harufu ya kuvunda, ikatengwa na kupokelewa katika daraja la chini. Majuma mawili baadaye ikawa vivyo hivyo. Kamati iliazimia apewe barua ya onyo, na kwamba akirudia mara ya tatu kahawa yake ikataliwe kabisa. Si adhabu ndogo hiyo, kwani ada ya shule ya wajukuu wawili ilitegemea kahawa hiyo na maziwa ya ng'ombe mmoja. Katibu alipomweleza uamuzi huo, mama hakubisha. Alisema tu, "Barua nitaipokea, baba. Lakini kabla hujaiandika, njoo Jumamosi unisaidie kuchuma." Katibu alikuwa kijana wa umri wa wanawe, akaona haya kukataa.

Alifika saa moja asubuhi, akaamkia, akapewa kikapu cha kufunga kiunoni. Mama alikuwa amekwisha kata majani ya ng'ombe na kufagia uwanja. Mkwewe na mjukuu mkubwa walikuwa tayari shambani. Kihamba si shamba la mistari iliyonyooka. Kahawa imo chini ya migomba, na juu ya migomba imo miti ya kivuli, na katikati yake magimbi na maharage. Mchumaji huzunguka, huinama, hupenya. Watu wanaokadiria kazi ya kuchuma kwa mfano wa mashamba makubwa hukosea sana hapo.

Katibu alianza kwa bidii. Alishika tawi na kulivuta kwa kiganja chote, na kwa muda mfupi kikapu kikawa na uzito. Mama akamwomba akimwage juu ya jani la mgomba. Buni nyekundu zilikuwamo, lakini pia za njano, za kijani, na chache nyeusi zilizokauka mtini. Mama akazitenga zile za kijani kwa vidole, polepole, bila kumkaripia. "Hizi, mwanangu, ni kahawa yangu ya wiki mbili zijazo," akasema. "Leo si kitu."

Maneno hayo yana maelezo ya kutosha ya kilimo. Mkahawa hauchanui maua yake yote siku moja. Huchanua kwa kufuata mvua, na kila safari ya maua huleta safari yake ya buni. Kwa hiyo tawi moja hubeba mbivu na mbichi kwa wakati mmoja. Buni mbichi haimenyeki vizuri katika mashine, mbegu yake haijajaa, na kahawa yake huharibu ladha ya kikombe. Ile iliyopita kiasi imekwisha anza kuvunda ingali mtini. Ndiyo maana ya kupita mti mmoja mara nyingi kila baada ya siku 10 hadi 14, na kuchukua nyekundu peke yake. Tena anayevuta tawi kwa kiganja huvunja vikonyo na macho ambamo maua ya baadaye yangetokea, na hivyo huvuna hasara ya mwaka unaofuata.

Ilipofika saa saba mchana, watu wanne walikuwa wamejaza madebe 6, kiasi cha kilo 75. Kilo 5 hivi za buni hutoa kilo moja ya kahawa ya maganda, yaani mbegu iliyokauka ikiwa bado katika ganda lake gumu. Basi kazi yote ya asubuhi ile ingeonekana katika mizani ya chama kama kilo 15 tu. Katibu, ambaye kila mwaka huandaa makadirio ya gharama za wanachama, alikumbuka kwamba fomu ina nafasi ya dawa, mbolea na mikasi, lakini haina nafasi ya mikono ya mkwe na mjukuu.

Walikula kiburu, kisha wakachambua buni na kuzitia katika pipa la maji. Zile zilizoelea, ambazo ni tupu au zimeliwa na wadudu, ziliondolewa zikaanikwe peke yake. Hadi hapo hapakuonekana kosa lolote. Kazi ilikuwa safi kuliko ilivyo kwa wanachama wengi ambao kahawa yao haijapata kutengwa.

Kilichobaki kilikuwa kumenya, na hapo ndipo katibu alipoanza kufahamu. Mashine ya mkono ilikuwa moja kwa kaya sita. Ilikuwa mali ya chama, ikitunzwa nyumbani kwa mjumbe mmoja wa kamati, na desturi ilikuwa kwamba huanza kumenya hapo inapokaa, kisha huenda kwa majirani kwa kadiri ya ukaribu. Nyumba ya mama ilikuwa ya mwisho. Maji ya mfongo nayo yana zamu zake zilizopangwa na wazee wa mfongo, na zamu ya mama ilikuwa imepita tangu saa kumi. Buni zikatiwa katika magunia ya plastiki yaliyowahi kuwa na mbolea, zikawekwa ukutani kungoja.

Saa mbili usiku mashine ilikuwa haijafika. Mama akamwambia katibu aingize mkono katika gunia. Akauingiza hadi kiwiko, akakuta joto. Buni iliyochumwa bado inapumua. Ikirundikwa mahali pasipopita hewa hupata joto, utamu wa nyama yake huanza kuchacha, na uchachu huo hupenya hadi katika mbegu. Haiondoki tena kwa kuosha wala kwa kuanika. Ndiyo sababu kanuni inataka buni zimenywe siku ile ile, na ni bora zisipite saa 8 tangu kuchumwa. Kama hapana budi kungoja, zitandazwe kwa tabaka jembamba kivulini, au zilowekwe katika maji safi. Zisifungwe katika gunia.

Mashine ilifika karibu saa tatu, ikabebwa na vijana wawili. Walimenya kwa mwanga wa taa na maji ya ndoo. Katibu alichukua kiganja cha mbegu zilizotoka akaona nyingi zimekatwa au kuchubuliwa. Mashine ilikuwa imebanwa mno, na skrubu ya kuilegeza ilikuwa imeshika kutu. Alipouliza nani huirekebisha, hakuna aliyekuwa na jibu. Mbegu iliyojeruhiwa huvunda upesi kuliko wenzake ndani ya pipa moja, na ndiyo inayotoa harufu mbaya ambayo makarani wa kupokea huijua vizuri.

Hatua zinazofuata wanachama wanazifahamu, hivyo zitajwe kwa kifupi. Kahawa iliyomenywa huvundikwa ili utelezi ulegee, siku moja hadi tatu kwa kadiri ya baridi ya mahali. Imekuwa tayari inaposuguliwa mikononi na kukwaruza kama changarawe. Huoshwa kwa maji safi, huanikwa juu ya meza za waya, hugeuzwa mara kwa mara, na hufunikwa wakati wa jua kali la adhuhuri, wakati wa mvua na usiku.

Kabla ya kuaga, katibu aliuliza kahawa iliyokwisha kauka inawekwa wapi. Mama akamwonyesha dari iliyo juu ya jiko. Chama hupokea kahawa Jumatano peke yake, na chumba kingine kisichovuja hana. Kahawa hunywa harufu ya kila kitu kilicho karibu nayo, na moshi ni wa kwanza.

Tangu Chama cha Wakulima wa Kahawa wa Kilimanjaro kilipoanzishwa mwaka 1925, na KNCU kukifuatia mwaka 1933, mkulima wa huku amekuwa akimenya na kukausha nyumbani na kupeleka chamani kahawa ya maganda. Huko Kenya wanachama wengi hupeleka buni katika kiwanda cha chama siku ile ile, na kosa la kumenya huwa la kiwanda. Baadhi ya vyama vya Kilimanjaro navyo vimeweka mitambo ya pamoja. Pale ambapo haijawekwa, ubora wa shehena nzima umo katika majiko na mapipa ya kaya mamia, na chama kinachoazima mashine kina sehemu yake katika harufu ya kahawa inayotoka humo.

Makatibu wazingatie pia unyevu. Kahawa ya maganda hupokelewa ikiwa na unyevu wa asilimia 10 hadi 12. Kilo 100 zilizopokelewa zikiwa na asilimia 15, zikikauka hadi 12, hubaki kilo 96 na nusu hivi, na upungufu huo hulipwa na chama. Mwanachama asiye na mahali pa kutunzia hushawishika kuileta kabla haijakauka.

Katika mkutano wa kamati uliofuata, katibu hakuileta barua. Alileta kiganja cha mbegu zilizokatwa, akaziweka mezani mbele ya wajumbe, yule mtunza mashine akiwamo. Majadiliano yalichukua muda, na si yote yaliyokuwa ya upole. Iliamuliwa mashine ipelekwe kwa fundi, zamu zake ziandikwe na zilingane na zamu za maji, na upokeaji uwe Jumatano na Jumamosi. Kahawa ya mwanzo iliyotengwa, hata hivyo, ilikuwa imekwisha kupelekwa kukobolewa pamoja na ya daraja la chini, na malipo yake hayakuweza kubadilishwa. Mama aliitwa akaambiwa hivyo. Aliuliza zamu yake ya mashine ni lini, akaandikiwa katika kikaratasi: Jumamosi, saa tisa alasiri.