Fahamu: Jengo limepata mmiliki mpya, kodi inapandaje?

Umenunua jengo Nakuru, na chini yake kuna kinyozi anayelipa kodi ileile miaka nenda miaka rudi. Waweza kumpandishia mwezi ujao? Hasha. Nchini Kenya, anayenunua jengo huwapokea wapangaji pamoja na masharti yao.

Kwa maduka, hoteli na mikahawa ipo Sura ya 301 ya Sheria za Kenya. Humlinda mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, au ambaye mkataba wake hauzidi miaka 5. Yaani wafanyabiashara wengi wa mitaani. Kupandisha kodi kunahitaji ilani kwa fomu rasmi, angalau miezi 2 kabla. Ujumbe wa WhatsApp hautoshi, hata uwe mkali vipi. Mpangaji asiyekubali hupeleka shauri kwa jopo la kodi za majengo ya biashara kabla ilani haijaanza kutumika, na kodi ya zamani huendelea hadi uamuzi utoke. Akinyamaza, imekula kwake.

Nyumba za kuishi? Sheria ya kudhibiti kodi huishia shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango cha kuchekesha siku hizi. Juu ya hapo, mkataba ndio husema. Kwa hiyo itisha mkataba huo kabla ya kununua, na uulize amana za wapangaji anazo nani.