Je, Wajua? Mafuta ya Alizeti Hutoka Hewani

Je, wajua kwamba dumu la mafuta ya alizeti linalouzwa kando ya barabara pale Singida karibu halina kitu cha udongo ndani yake? Zaidi ya robo tatu ya uzito wa mafuta hayo ni kaboni, na kaboni yote hiyo jani limeichota kwenye hewa ya ukaa, ambayo ni sehemu 4 hivi tu katika kila sehemu 10,000 za hewa. Nguvu ya jua hupasua maji ndani ya jani: haidrojeni hutumika kutengenezea sukari, oksijeni huachwa iende zake. Mbegu ndiyo huigeuza sukari kuwa mafuta.

Vilivyotoka ardhini, yaani naitrojeni, fosforasi na potasiamu, hubaki kwenye mashudu yanayosalia mbegu zikishakamuliwa. Basi anayeuza mafuta anauza hewa, maji na jua. Anayepakia mashudu kwenye lori anauza rutuba ya shamba lake. Mimi ningewalisha ng'ombe wangu, samadi irudi shambani.

Jan Baptist van Helmont wa Brussels alikaribia kung'amua kwamba mmea hujengwa kwa hewa na maji, si kwa udongo. Mti alioukuza kwenye chungu kwa miaka 5 uliongezeka ratili 164, udongo ukapungua wakia 2 tu. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1648. Sifa zote akayapa maji, hewa hakuifikiria.

Je, wajua kwamba kinachoibana mimea ya Singida si jua bali maji? Jani likifungua vitundu vyake kuingiza hewa ya ukaa, mvuke hutoroka papo hapo. Mtama na uwele huikusanya kwanza hewa hiyo, kisha huisukuma kwa wingi kwenye seli za ndani, hivyo vitundu vinaweza kubanwa. Njia hii ilielezwa mwaka 1966 na Hatch na Slack, waliokuwa wakichunguza miwa huko Australia. Lakini mahindi nayo hufanya vivyo hivyo! Mtama huyapita kwa kustahimili ukame kutokana na mizizi yake, na kwa kuweza kusimama kukua hadi mvua irudi.

Mnyaa wa uani una ujanja zaidi. Vijiti vyake vya kijani ndivyo vinavyofanya kazi ya majani, na hufungua vitundu usiku, kukiwa na ubaridi. Hewa ya ukaa huhifadhiwa kama asidi, na kukipambazuka vitundu hufungwa, asidi ikatoa hewa ile itengenezwe sukari kwa mwanga wa mchana. Ndiyo maana ua wa minyaa haukauki kiangazi.

Na mbuyu uliopukutisha majani yote? Kwaruza kidogo gome lake la juu: chini yake kuna utando wa kijani unaoendelea kusanisi chakula bila jani hata moja.