Jamaika Iko Nje ya Geti la Hoteli

Baridi ya Februari ikishika Toronto, zamu ya asubuhi kwenye jiko la hospitali ninakopika huwa haina habari nyingine ila Karibi. Nani kapata tiketi ya bei nafuu, nani anakwenda Kuba, nani Jamaika. Kwa ndege ni mwendo wa saa nne hivi kufika Montego Bay, na wengi hununua kifurushi chenye kila kitu ndani: tiketi, chumba, milo yote na vinywaji. Ukifika mapokezi unafungwa ukanda wa plastiki mkononi, na kuanzia hapo pochi huigusi mpaka siku ya kuondoka.

Mimi ni mtoto wa mama ntilie wa Ngamiani, Tanga. Nimekua nikipuliza moto na kukuna nazi alfajiri, na siwezi kufika mji wa watu nikaondoka sijui wenyewe wanakula nini. Ndiyo maana nawaandikia, hasa nyinyi mlioko Kanada, Marekani na Uingereza mnaodunduliza mwaka mzima kwa ajili ya wiki moja ya jua: pesa ya kula nje ya hoteli itengwe mapema, pamoja na ile ya tiketi.

Mtindo wa hoteli za kulipia kila kitu kwa pamoja ulishika mizizi Jamaika mapema kuliko sehemu nyingi. Gordon Stewart, mfanyabiashara wa Kijamaika aliyejulikana zaidi kwa jina la Butch, alifungua Sandals ya kwanza Montego Bay mwaka 1981, na biashara hiyo ikaenea visiwa vingine. Raha yake siikatai. Mzazi mwenye watoto watatu anajua tangu nyumbani atatumia kiasi gani, na hakuna anayelia njaa saa tano usiku. Lakini hoteli inayolisha wageni mamia kwa mpigo inahitaji vitu vingi, vya aina moja, kila siku, na mkulima mdogo wa milimani hawezi kuvileta kwa mpangilio huo. Kwa hiyo vingi vinatoka ng'ambo. Nchi za jumuiya ya Karibi, CARICOM, zimeliona hilo kuwa tatizo kubwa kiasi cha kujiwekea lengo la kupunguza bili ya chakula cha kutoka nje kwa asilimia 25 ifikapo mwaka 2025, kisha muda ukasogezwa hadi 2030. Bufee ya hoteli niliyofikia na mume wangu Ocho Rios ilijaa tambi, soseji na viazi vya kukaanga, vitu ambavyo mimi huvipika kazini kila wiki.

Mwenzangu wa kazini, mama mtu mzima aliyezaliwa parokia ya Portland, alikuwa ameshaniusia: "Mwanangu, asubuhi kula hotelini ukitaka. Mchana toka. Dereva wa teksi mwambie akupeleke anapokula yeye." Nilimsikiliza, na dereva alipomsikia mume wangu akiuliza alicheka kwa furaha, akasema basi tuamke mapema, maana safari ni ndefu.

Alitupeleka Boston Bay, mashariki ya Port Antonio. Kutoka Ocho Rios ni zaidi ya saa mbili kwa barabara ya pwani. Hapo ndipo Wajamaika wenyewe wanapopataja kwanza ukiuliza habari za jerk, nyama iliyosuguliwa viungo na kuivishwa polepole juu ya moto wa kuni. Chanzo chake kinahusishwa na Wamaruni, Waafrika waliotoroka utumwa wakajificha milimani, hasa baada ya Waingereza kuiteka Jamaika kutoka kwa Wahispania mwaka 1655. Walipigana kwa miaka mingi mpaka Waingereza wakatia saini nao mikataba ya amani, wa kwanza mwaka 1739. Inasimuliwa kwamba nyama ya nguruwe mwitu waliipika kwenye mashimo yaliyofunikwa ili moshi usiwafichue kwa askari.

Nilisimama karibu na jiko kwa muda mrefu, mpishi akaniruhusu. Makaa yako chini. Juu yake vimepangwa vijiti vibichi vya mti wa pimento, unene wa kifundo cha mkono, na nyama imelazwa juu ya vijiti hivyo. Halafu kila kitu kinafunikwa kwa mabati. Punje za pimento zikikaushwa hunukia karafuu, mdalasini na kungumanga kwa pamoja, na mti wenyewe una harufu hiyohiyo, kwa hiyo nyama inapata viungo kutoka juu na kutoka kwenye moshi wa chini. Kwenye mchanganyiko wa kusugulia kuna vitunguu vya majani, thaimu, tangawizi na pilipili iitwayo Scotch bonnet, ndugu kabisa wa pilipili mbuzi tunayoijua. Nyama ikiiva inapimwa kwa ratili, inakatwakatwa kwa kisu kizito juu ya gogo, inafungwa kwenye karatasi ya foili. Unaila kwa mkono, na mkate mzito mweupe au festival, donge refu la unga wa mahindi na ngano lenye sukari kidogo, lililokaangwa.

Muislamu aulize kabla ya kuagiza. Nguruwe na kuku mara nyingi hupikwa kwenye jiko moja, wakakatwa kwenye gogo moja kwa kisu kimoja. Nilipomweleza mpishi, hakununa hata kidogo. Alinielekeza kwa mama wa jirani anayechoma samaki tu. Pwani ya Jamaika haikosi samaki, na kuna pia vyakula vya Warasta viitwavyo ital: havina nyama, wengi hawatii chumvi, na ladha yake inatoka kwenye nazi, thaimu na pilipili. Mwenye kuchunga chakula hatalala njaa.

Kifungua kinywa ndicho kilichonigusa zaidi, na hicho tulikila kwenye kibanda cha mama mmoja karibu na stendi ya teksi. Chakula cha taifa ni ackee na samaki wa chumvi. Ackee ni tunda jekundu lililotoka Afrika Magharibi wakati wa biashara ya watumwa. Halichumwi mpaka lipasuke lenyewe mtini, kwa kuwa likiwa bichi lina sumu inayoweza kuua. Zinatolewa mbegu nyeusi na utando mwekundu, zinabaki nyama zake za rangi ya malai, zinachemshwa, maji yanamwagwa. Ndipo zinakaangwa na vitunguu, nyanya na pilipili, pamoja na samaki aliyerowekwa chumvi ikapungua. Kwa macho ungesema ni mayai ya kuvuruga.

Samaki huyo ni chewa wa bahari ya baridi, na kwa karne nyingi alitoka Kanada, nchi ninayoishi. Meli zilipeleka visiwani samaki mkavu wa daraja la chini kabisa ili kulisha watu waliokuwa wakifanyishwa kazi bila malipo kwenye mashamba ya miwa, zikarudi na sukari na ramu. Mama wa kibanda hakuhitaji kunieleza hayo. Alinisogezea sahani, pembeni akaweka callaloo, na nikatambua kuwa ni mchicha. Mchicha wenyewe, umekaangwa kwa kitunguu na thaimu. Kando yake kulikuwa na vipande vya shelisheli la kuchoma.

Shelisheli nalo lina habari yake. Nahodha William Bligh alitumwa Tahiti kuchukua miche ili mabwana wa mashamba ya Karibi wapate chakula rahisi cha watumwa. Safari ya kwanza, kwenye meli ya Bounty, mabaharia wake waliasi mwaka 1789. Alirudia kwa meli nyingine, na mwaka 1793 miche ikafika Jamaika. Leo mti huo uko kwenye nyua za watu, na tunda linachomwa zima juu ya moto mpaka ganda liwe jeusi tii. Nimekula shelisheli tangu utotoni, la kuchemsha na la kukaanga. La kuchomwa hivyo lina moshi mtamu ambao sikuwa nikiufahamu, na nitalichoma siku nikipata bichi Toronto.

Mchana wa siku nyingine tulikaa ufukwe wa wavuvi. Sheria ya fukwe ya Jamaika ya mwaka 1956 iliziweka haki za ufukwe mikononi mwa serikali bila kumpa mwananchi haki ya jumla ya kuingia popote, na hoteli zimechukua sehemu kubwa ya mchanga mzuri. Penye boti na vibanda vya samaki ndipo bado utakaa meza moja na familia za pale. Samaki unamchagua mwenyewe kwenye kasha la barafu. Fanya kama ungefanya soko la Deep Sea Tanga: macho yang'ae, mashavu yawe mekundu. Mwambie muuzaji ampime, akutajie bei ya samaki na ya kumpika, halafu ndipo ukubali amkate. Subira inahitajika, kwa sababu anaanza kupikwa baada ya wewe kuagiza.

Agiza escovitch. Samaki hukaangwa mzima mpaka akauke vizuri, kisha anamwagiwa siki ya moto yenye vitunguu, karoti, pilipili na punje za pimento. Mapishi hayo waliyaacha Wahispania. Huja na bammy, mkate bapa wa muhogo ulioachwa na Wataino, wenyeji wa kisiwa kabla ya Columbus. Muhogo unakunwa, unakamuliwa maji yenye sumu, unga wake unakandamizwa na kuokwa juu ya kikaango, halafu unarowekwa kwenye tui la nazi na kukaangwa. Muhogo wetu wote wa Afrika ulitoka upande huo wa dunia, ukaletwa na Wareno, kwa hiyo pale nilikuwa nyumbani kwao muhogo.

Mwenye kupenda mchuzi wa nazi aulizie run down. Ni samaki, mara nyingi wa chumvi, aliyepikwa kwenye tui. Mama yangu angeshtuka kuona linavyopikwa. Sisi hukoroga bila kuacha ili tui lisikatike. Wao wanalichemsha makusudi mpaka likatike, mafuta yajitenge juu na chini ibaki malai nzito, na samaki wanaingia hapo. Ladha yake ni ya nazi iliyokaangwa, na inashikana na ndizi mbichi ya kuchemsha vizuri ajabu. Jumapili karibu kila mahali utakuta wali uliopikwa kwa nazi na maharage mekundu. Hapo mtu wa pwani haelezwi kitu.

Kwenye malipo, dola moja ya Marekani inabadilishwa kwa zaidi ya dola 150 za Jamaika, na bei za mahali pa watalii mara nyingi hutajwa kwa dola za Marekani. Uliza ni dola ipi kabla hujakaa, na beba noti ndogo za Jamaika kwa vibandani. Mikahawani soma bili mpaka chini. Kama tozo ya huduma, aghalabu asilimia 10 au zaidi, imeshaongezwa, bakshishi ni hiari yako. Teksi iliyosajiliwa ina namba nyekundu. Na salamu itangulie. Ukiingia ukasema tu "nataka samaki", utahudumiwa kwa uso mkavu. Ukiamkia waliokaa na mama anayepika, unakaribishwa jikoni. Mtoto aliyelelewa vizuri wa Tanga au Mombasa anayajua hayo bila kufundishwa.

Tarehe 28 Oktoba 2025 kimbunga Melissa kilitua kusini-magharibi mwa Jamaika kikiwa cha daraja la 5, kikali kuliko chochote kilichorekodiwa kutua kisiwani humo. Mji wa Black River uliharibiwa vibaya. Hoteli kubwa ina bima na mtaji wa kuanzia upya. Mwenye kibanda cha mabati na mtungi mmoja wa gesi anasubiri mteja. Anayepanga safari aulize ni vibanda vipi vimefunguka, akale huko.

Kuna pia vya kuacha. Kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 30 Juni kambakoche hawavuliwi Jamaika ili wapate kuzaana, na ukiletewa wabichi wakati huo, kataa. Pono nao waache baharini hata kama wanauzwa: ndio wanaokula mwani unaoyafunika matumbawe, na matumbawe wanayoyatafuna hutoka matumboni mwao yakiwa mchanga mweupe, ule ule tuliosafiri kuufuata.

Lakini yuko mmoja ambaye ukimwona uagize sahani mbili. Ni samaki-simba, mwenye mistari myekundu na myeupe na mapezi yenye miiba ya sumu. Asili yake ni Bahari ya Hindi na Pasifiki, yaani kwetu. Alionekana pwani ya Florida mwaka 1985, akaenea Karibi yote, na kwa kuwa huko hana adui wa kumpunguza, anameza vifaranga vya samaki wengine bila kiasi. Jamaika imefanya kampeni ya kuwahimiza watu wamle. Sumu iko kwenye miiba peke yake. Mvuvi anaikata kwa mkasi ufukweni, na nyama inabaki nyeupe, laini, haina shombo. Mama mmoja muuza samaki alinikaangia wa kwangu na vitunguu na kipande cha pilipili, akasimama kungoja nionje. Nilimwambia kweli: kwetu tunamwona baharini tangu zama na hakuna anayemtia kikaangoni. Akaniuliza mbona, na akaniongezea kipande kingine.