ASPEN: MJI WA THELUJI AMBAKO NYUMBA HUNUNULIWA KWA SHARTI

Askari akihamishwa hupewa kota, na siku akistaafu hurudisha funguo. Ndiyo maana katika kambi na katika lini za polisi swali la nyumba halimaliziki: baada ya kazi, familia italala wapi? Yapo mataifa tajiri ambako swali hilo hilo humnyima usingizi mwalimu, muuguzi, dereva wa basi na hata bwana afya wa mji. Mfano ulio dhahiri ni Aspen, mji mdogo uliomo ndani ya Milima ya Rocky, katika jimbo la Colorado, Marekani.

Aspen iko katika bonde la mto Roaring Fork, kiasi cha mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Kimo hicho peke yake hakiwezi kuwashangaza watu waliozoea vilima vya Kigezi. Lakini Aspen iko mbali sana kaskazini ya Ikweta. Kwa hiyo theluji, ambayo kwetu hukaa juu ya vilele vya Ruwenzori, kule huanguka mpaka milangoni mwa watu. Katika sensa ya 2020 mji huo ulikuwa na wakazi 7,004 tu. Hata hivyo, jina lake hujulikana dunia nzima kwa mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa mbao mbili ndefu zilizofungwa miguuni.

MADINI YALIPOKWISHA THAMANI

Hapo zamani bonde hilo lilikuwa nchi ya watu wa kabila la Ute. Mnamo 1879 wakaingia watafutaji wa madini ya fedha, na wenyeji wakasukumwa nje. Katika muda wa miaka kumi mji ulikuwa umeota kama uyoga. Mwaka 1889 ulifunguliwa ukumbi mkubwa wa muziki na maigizo, Wheeler Opera House, ambao ungali unatumika hadi leo. Lakini mwaka 1893 serikali ya Marekani iliifuta sheria iliyoilazimu kununua fedha kwa wingi. Bei ikaanguka, migodi ikafungwa, na watu wakafunga virago.

Mji uliokuwa na watu zaidi ya 10,000 ulibakiwa na watu 705 katika sensa ya 1930. Nyumba za mbao zilisimama tupu, milango ikipigwapigwa na upepo. Nyingine zilipatikana kwa kulipa tu malimbikizo ya kodi. Mbao zilikuwa zile zile, na mlima ulikuwa ule ule. Kilichopungua ni watu wenye sababu ya kukaa pale. Hilo ni somo la kwanza kwa kila mnunuzi: bei ya nyumba haimo katika kuta zake peke yake.

ASKARI WALIORUDI MLIMANI

Uhai wa pili wa Aspen uliletwa kwa sehemu kubwa na askari. Mwaka 1942, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, jeshi la Marekani lilijenga kambi iliyoitwa Camp Hale katika milima ya Colorado. Humo walifunzwa askari wa Divisheni ya 10 ya Milimani: kutembea na kuteleza juu ya theluji wakiwa na mizigo mizito mgongoni, kupanda majabali, na kulala nje katika baridi kali. Miongoni mwao alikuwamo Friedl Pfeifer, mzaliwa wa Austria na mwalimu hodari wa mchezo huo. Alifika Aspen akiwa askari, akaupenda mlima wake.

Divisheni hiyo ilipelekwa Italia, ikapigana vita vikali milimani mwaka 1945. Karibu watu wake 1,000 hawakurudi. Pfeifer mwenyewe alijeruhiwa vibaya, lakini alipopata nafuu alirejea Aspen. Aliungana na Walter Paepcke, mfanyabiashara wa Chicago, na mwaka 1946 wakaanzisha kampuni ya mchezo wa theluji. Mnamo Januari 1947 walifungua rasmi mtambo wa viti vinavyoning'inia kwenye waya, wa kuwapandisha watu mlimani. Mwaka 1950 mashindano ya dunia yalifanyika hapo hapo. Mwenzake wa divisheni hiyo, Pete Seibert, ambaye pia alijeruhiwa Italia, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa mji mwingine wa theluji, Vail, uliofunguliwa mwaka 1962.

MIEZI YA NEEMA NA MIEZI YA MATOPE

Maisha ya Aspen hufuata majira kama yale ya mkulima, ila mavuno yake ni wageni. Mlima hufunguliwa karibu na mwisho wa Novemba na kufungwa katikati ya Aprili. Katika miezi hiyo hoteli hujaa, wapishi hawalali, na matrekta ya kusukuma theluji hufanya kazi tangu usiku wa manane ili asubuhi watoto wafike shuleni. Vijana wa kazi huja kutoka mbali. Baadhi yao hutoka Amerika ya Kusini, ambako wakati huo ni kiangazi na vyuo vimefungwa.

Kuanzia Juni hadi Agosti huja wageni wa namna nyingine: watembezi wa milimani na wapenzi wa muziki, kwa kuwa mji una tamasha kubwa la muziki tangu 1949. Nyumba za Marolt Ranch, zilizo pembeni ya mji, huonyesha vizuri zamu hiyo ya majira. Wakati wa joto hukaa humo wanafunzi wa muziki. Wakati wa baridi hukaa wafanyakazi wa msimu.

Katikati ya neema hizo mbili kuna vipindi vya ukimya. Wenyeji hukiita kile cha masika majira ya matope. Theluji huyeyuka, njia hutota, mikahawa mingi hufungwa na saa za kazi hupunguzwa. Barabara ya mashariki, ipitayo mlimani kwenye kimo cha mita 3,687, hufungwa kwa theluji tangu Novemba hivi hadi karibu na mwisho wa Mei. Ni hapo ndipo familia huonja ukweli wa hesabu yake. Mkopo wa nyumba hudaiwa miezi 12, lakini pato zuri huja kwa misimu miwili tu. Asiyeweka akiba ya Januari hukopa mwezi wa Mei.

MADIRISHA YASIYO NA TAA

Kwa kadiri Aspen ilivyopata sifa, ndivyo matajiri wa miji mikubwa walivyonunua nyumba hapo kwa ajili ya mapumziko. Leo nyumba ya kawaida ya familia, ikiuzwa katika soko huria, hugharimu mamilioni ya dola. Ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka 2020, wengi walioweza kufanya kazi wakiwa mbali na ofisi walikimbilia milimani, na bei zikapanda zaidi.

Nyingi za nyumba hizo hukaliwa kwa majuma machache tu katika mwaka. Siku nyingine zote madirisha huwa giza, lakini ndani mtambo wa joto huachwa ukiwaka, kwa sababu maji yakiganda ndani ya mabomba huyapasua. Hulipwa mtu wa kuzizungukia na kuzikagua. Kwa hiyo nyumba tupu hupashwa moto, na huenda yule anayeikagua hana kwake katika mji ule.

Wafanyakazi wengi wamesukumwa chini bondeni: Basalt, Carbondale, Glenwood Springs iliyo kiasi cha kilomita 65, na hata Rifle iliyo zaidi ya kilomita 100. Mabasi ya bonde hilo ni mazuri, na tangu 2013 yapo ya mwendo wa haraka. Lakini basi haliwezi kuishinda dhoruba ya theluji. Muuguzi wa zamu ya usiku akikwama njiani, mgonjwa ndiye anayengoja. Mzimamoto akiishi umbali wa saa nzima, moto haumngojei. Mwalimu anayetoka kwake alfajiri na kurudi usiku huwafahamu watoto wa wenzake kuliko wa kwake.

NYUMBA YENYE SHARTI

Mji ungeweza kukunja mikono. Badala yake, Aspen pamoja na wilaya yake ya Pitkin ilianza tangu miaka ya 1970 kutafuta njia ya kuwabakiza watu wake. Leo kuna nyumba zaidi ya 3,000 zilizotengwa kwa ajili ya wafanyakazi, nyingine za kupanga na nyingine za kununua, zikisimamiwa na mamlaka ya nyumba ya mji na wilaya.

Nyumba ya namna hiyo huandikiwa masharti ndani ya hati yake. Kwa kawaida mnunuzi lazima afanye kazi katika wilaya hiyo kwa saa zisizopungua 1,500 kwa mwaka, na aishi ndani ya nyumba yenyewe kwa miezi isiyopungua 9. Kipato chake hupimwa. Haruhusiwi kuwa na nyumba nyingine ya kuishi katika eneo la jirani lililotajwa. Wanaostahili wakiwa wengi kuliko nyumba, hupigwa bahati nasibu.

Sharti kubwa kuliko yote ni la bei. Mara nyingi thamani ya kuuzia haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka, na huweza kuwa chini ya hapo kulingana na gharama za maisha. Chukua mfano wa nyumba iliyonunuliwa kwa dola 200,000. Ikipanda kwa dola 6,000 kila mwaka, baada ya miaka 10 itauzwa kwa dola 260,000 tu, hata kama jirani asiye na sharti ameuza yake kwa mamilioni.

Fedha za kuendesha mpango huo hutokana kwa sehemu na soko lenyewe. Nyumba ikiuzwa, asilimia 1 ya bei huingia katika mfuko wa nyumba za wafanyakazi. Nyumba ya dola 10,000,000 huchangia karibu dola 100,000. Mnamo Novemba 2022 wapiga kura walikubali pia kodi ya nyumba zinazopangishwa kwa siku chache, iliyo nzito zaidi kwa zile za biashara tupu. Hospitali na shule nazo zimejipatia nyumba kwa ajili ya watumishi wao.

UTAMU NA UCHUNGU WAKE

Mpango huo umewatunza katika mji watu ambao vinginevyo wangeondoka. Watoto wao hucheza theluji na watoto wa matajiri, na mwalimu huweza kwenda shuleni kwa miguu. Lakini hakuna dawa isiyo na uchungu. Mwenye nyumba ya sharti akitaka kuhama, fedha atakazopata hazimnunulii kitu katika soko huria la bonde lile. Kwa sababu bei haipandi sana, wengine huona uvivu wa kuitengeneza nyumba vizuri. Wazee waliotimiza miaka ya kazi huruhusiwa kukaa baada ya kustaafu, na ndivyo inavyostahili. Ila nyumba ya vyumba vinne hubaki na watu wawili, huku mama mwenye watoto watatu akingoja bahati nasibu. Na wale wanaokaa katika nyumba za mwajiri wanajua yale yale ambayo askari anayajua: kazi ikikoma, nyumba nayo hukoma.

KABLA YA KUTIA SAHIHI

Wenye uzoefu wa miji ya theluji humshauri mnunuzi asiitazame nyumba wakati wa sikukuu peke yake, mji unapong'aa. Aje pia majira ya matope, aone ni duka gani lililo wazi na ni jirani gani aliyebaki. Aulize paa limejengwa kubeba uzito wa theluji kiasi gani, na theluji hiyo ikiteleza itaangukia wapi. Atazame kama jua la asubuhi hufika mlangoni. Upande wa kivuli barafu hukaa hadi masika. Apate kujua ni nani husafisha barabara, na mlima ulio nyuma una historia ya maporomoko ya theluji au hauna. Ajumlishe mkopo, kodi, bima, moto wa kupasha nyumba na ada za pamoja, kisha aligawe jumla lile kwa pato la mwaka mzima, si la mwezi wa neema. Mwisho, aisome hati mstari kwa mstari, kwa kuwa nyumba mbili zilizogusana ukuta huweza kuwa na sheria mbili mbalimbali.

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Aspen imeongeza kwamba nyumba njema si bei pia. Katika mji huo mtu huulizwa waziwazi anachotaka kununua: mali ya kuuza kwa faida, au mahali pa kulea watoto karibu na kazi yake. Tajiri huweza kupata vyote viwili. Mtu wa mshahara sharti achague, na yafaa achague mapema, angali na nguvu za kazi, kuliko kungoja siku ya kurudisha funguo ndipo aanze kuuliza bei za viwanja.