Ukipanda meli, disko baadaye!

Juzi juzi nilikuwa botini naenda Unguja, mara tukaiona meli ya watalii, ghorofa juu ya ghorofa. Vijana wakaanza: mle ndani kuna mabwawa ya kuogelea, sinema, disko mpaka alfajiri. Nisiseme uongo, mate yalinitoka.

Lakini bwana, meli haipimwi kwa disko. Sikia visa vya meli mbili.

Ya kwanza ni Oceanos. Agosti 3, 1991 iliondoka East London, Afrika Kusini, kwenda Durban, bahari imechafuka. Usiku maji yakaingia, taa kwishnei! Mpiga gitaa Moss Hills na wenzake wakawaimbia abiria ili watulie, halafu wakashika redio ya meli kuomba msaada. Helikopta zilipofika, nahodha akapanda akaondoka, abiria wengi bado wamo! Wanamuziki ndio waliobaki kuwapanga watu. Kesho yake meli ikazama, lakini watu wote 571 walipona.

Ya pili ni Costa Concordia. Hiyo ilikuwa kubwa na ya kifahari zaidi. Januari 13, 2012 iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, watu wako mezani wanakula. Wakaambiwa ni hitilafu ya umeme tu. Mamia waliopanda siku hiyo walikuwa hawajafundishwa namna ya kujiokoa. Walikufa 32. Nahodha Francesco Schettino, aliyetoka kabla ya abiria wake, alihukumiwa miaka 16 jela mwaka 2015.

Unaona tofauti? Manahodha wote wawili walitimua. Ila kule Oceanos alikuwepo mtu wa kuwaambia abiria wafanye nini.

Basi, nikamuuliza kijana wa boti yetu, "Kaka, maboya ya kuvaa yako wapi?" Akacheka, "Dada, wewe muoga!" Abiria nao wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Mwaka 2011 Spice Islander ilizama ikienda Pemba, mamia hawakurudi.

Nikachungulia chini ya kiti. Maboya yapo, lakini yamefungwa kamba, mafundo matatu! Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaja, tukayafungua pamoja. Kicheko kikaisha.

Kuuliza si ujinga, msomaji wangu. Boya kwanza, disko baadaye. Tukutane wiki ijayo!